Dirisha la kaskazini na jua la Tanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninachora kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa mabwana wa zamani: mchoro kwanza, kivuli, kisha rangi tabaka juu ya tabaka. Februari nilianza kumchora bibi akichagua mchele kwenye ungo, kila siku saa tatu asubuhi. Nilimweka penye dirisha la kaskazini kwa kuwa nilisoma kwamba upande huo jua haliingii na mwanga hautulii kwingine kama pale. Mwanzoni ilikuwa kweli. Tangu Aprili jua linaingia, linampiga bibi mkononi, na vivuli vyote nilivyochora vimekuwa uongo. Kaka ananiambia nimpige bibi picha kwa simu nimalizie hapo. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukukosea. Kosa ni la kitabu kutokukwambia kiliandikwa wapi. Ushauri wa dirisha la kaskazini ni wa watu wa Ulaya, ambao jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu linahama. Hapo Tanga, tangu Machi mwanzoni hadi Oktoba mwanzoni linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Ndiyo maana Februari mwanga ulitulia, na Aprili ukaona ule mstari wa jua umelala mkononi mwa bibi. Kufika Juni utakuwa umepanuka hadi kwenye ungo.

Kwa hiyo mchoraji wa pwani anahitaji madirisha mawili, au dirisha moja na kitambaa. Mimi natumia marekani, ule mweupe usiotiwa rangi, nimeutandaza kwenye fremu ya mbao inayoingia dirishani barabara. Usitumie kanga hata kama ndiyo iliyopo, maana rangi yake itahamia kwenye uso wa bibi nawe utaichora bila kujua.

Kuhusu simu, nikueleze habari za mchoraji Antonio López García wa Hispania, aliyezaliwa Tomelloso mwaka 1936. Alifunzwa na ami yake, ndugu wa baba, naye mchoraji, kisha akaenda Madrid akiwa bado mtoto, akajifunza kwa kuchora sanamu za plasta za kale, kama walivyofundishwa wa zamani. Picha yake ya barabara ya Gran Vía, huko Madrid, imechorwa juu ya ubao, kama sentimita 90 tu kila upande, lakini ilimchukua tangu 1974 hadi 1981. Alikuwa akisimama pale alfajiri za kiangazi, barabara ikiwa tupu, anachora dakika 20 au 30, mwanga ukibadilika anafunga vitu vyake anarudi nyumbani. Ndani ya picha kuna saa inayoonyesha 6:30, kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mwaka 1990 alichora mti wa matunda uani kwake, yale ya njano yenye umbo la pea ambayo wao huyaita membrillo. Alipigilia misumari ardhini ili ajue miguu yake ikae wapi kila siku. Akaning'iniza timazi mbele ya mti. Akatia vialama vya rangi nyeupe kwenye majani na matunda yenyewe, kwa kuwa tunda likizidi uzito tawi linainama, na yeye alitaka kuona limeshuka kiasi gani. Mvua zikamharibia mwanga, akaiacha ile ya rangi akaanza mchoro wa penseli. Mimi nilipojua habari hiyo nilikuwa nachora birika la shaba la marehemu mama. Nikazungushia chaki mezani kulifuata birika lenyewe. Mjukuu wangu akilichukua, analirudisha ndani ya mstari, mdomo ukielekea kwenye alama. Nawe weka chaki kwenye miguu ya kigoda cha bibi na kwenye visigino vyako.

Hata hivyo simu si haramu. López mwenyewe alitumia picha za kamera kwa familia ya mfalme wa Hispania, kazi iliyomchukua takriban miaka 20. Ila kamera huzamisha kivuli kikawa cheusi kitupu, na chini ya shavu la bibi kuna wekundu na kijani ambavyo jicho lako tu ndilo linaviona. Piga picha ya simu ukumbuke mikunjo ya kitenge. Uso mchore akiwa mbele yako.

Hiyo ya Februari usiifute. Igeuze uso ukutani, mahali pasipo na unyevu, na sasa anza nyingine ukiwa umeweka marekani dirishani. Mwishoni mwa Oktoba jua litapita pale pale lilipopita katikati ya Februari, na mwanga wako utakuwa umerudi. Ila siku hizo mketishe bibi saa mbili na nusu badala ya saa tatu, kwa kuwa Oktoba jua linatangulia saa ya ukutani kwa kama nusu saa ukilinganisha na Februari.