Usiulize Mifuko ya Saruji Kabla Hujachimba Shimo

Msomaji anayefanya kazi Nairobi na mwenye ploti karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu, ameniandikia akiuliza nyumba ya vyumba vitatu vya kulala itakula mifuko mingapi ya saruji. Swali hili huja mara kwa mara, na kila linapokuja najua kuna mtu anayekaribia kumwaga akiba yake mahali asipopajua. Saruji si kitu cha kwanza kuhesabu. Cha kwanza ni udongo.

Hesabu ya saruji yenyewe si ngumu. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 9. Ukijumlisha kuta za nje na za ndani, msingi una urefu wa mita 60 hivi. Zege la msingi lenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20 ni mita 7.2 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), kila mita ya ujazo hula karibu mifuko 6.4 ya kilo 50, kwa hivyo msingi utataka mifuko 46. Slabu (sakafu ya zege) ya sentimita 10 ni mita 9 za ujazo, yaani mifuko 58. Jumla 104, kabla ya saruji ya kujengea mawe ya msingi.

Ukiwa Ahero, hesabu hiyo haikufikishi popote. Uwanda wa Kano, ulipo mji huo, una udongo mweusi wa pamba, ule unaonata kwenye buti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ifikapo Januari. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na hausinyai sawasawa pande zote za nyumba. Ndiyo maana utaona nyumba mpya yenye ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha. Fundi huja, huziba, hupaka rangi, na mwaka unaofuata ufa uko palepale. Kuongeza nondo kwenye msingi uliokaa juu ya udongo huo hakutibu ugonjwa.

Kwa hivyo chimba shimo. Chimba mawili, kwenye pembe mbili zinazotazamana za mahali nyumba itakaposimama, si kando ya barabara ambako ni rahisi kwa vibarua. Yawe na upana wa mita moja na kina cha mita moja na nusu hadi mbili. Tazama weusi unaishia wapi na kama maji yanajitokeza chini. Gharama yake ni ujira wa vibarua wawili kwa siku moja, na hakuna pesa nyingine katika ujenzi itakayokurudishia zaidi.

Tuseme weusi umeishia mita moja. Utauondoa wote chini ya nyumba na kuzidi mita moja kila upande: 12 kwa 11, mita 132 za ujazo za kuchimba na kutupa. Kisha unajaza moramu, ule udongo wa changarawe unaoshindilika vizuri. Moramu ikishindiliwa hupungua, kwa hivyo agiza robo zaidi, kama mita 165. Lori la tani 7 hubeba karibu mita 5 za ujazo. Hizo ni safari 33 za lori kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Ndugu msomaji, hii ndiyo sehemu ya bajeti ambayo mchoraji ramani hakukuandikia. Na kama weusi unazidi mita moja na nusu, usikisie. Tafuta mhandisi akuchoree msingi wa kuelea (slabu moja nene yenye nondo chini ya nyumba nzima) au nguzo za kwenda chini hadi ardhi ngumu.

Moramu imwagwe kwa tabaka za sentimita 15, inyunyiziwe maji na kushindiliwa kwa mashine, tabaka baada ya tabaka. Kosa la kawaida ni kumwaga mita nzima kwa siku moja na kukanyagakanyaga juu. Baada ya mvua mbili sakafu inashuka na kuachana na ukuta. Nyumba ikisha, zungushia njia ya zege ya mita moja na peleka maji ya paa mbali, ili udongo wa pembeni usiwe unalowa na kukauka ovyo. Na huko Kano, kama ilivyo Budalangi, inua sakafu juu ya alama ambayo mafuriko yameacha kwenye kuta za majirani. Waulize wazee wa hapo, wanaikumbuka.

Nakuru taabu ni nyingine. Udongo mwingi kule ni majivu ya volkano: ni mwepesi kuchimba na husimama vizuri ukiwa mkavu, lakini ukipata maji hukaa chini ghafla. Magharibi mwa mji, ardhi imewahi kufunguka mitaro mirefu baada ya mvua kubwa, na mitaro hiyo ikishajazwa taka na udongo huuzwa kama ploti nyingine yoyote. Kabla ya kununua, tembea ploti za jirani ukitafuta mstari wa mabonde madogo yaliyofuatana. Ukiupata, hakuna msingi wa bei yako utakaoushinda. Hama. Shimo la kunywesha maji machafu nalo liwe mbali na nyumba na upande wa chini, kwa sababu maji hayo ndiyo huamsha majivu. Ukichimba kisima, pima floraidi kabla ya kukitegemea. Maji mengi ya chini ya ardhi huko yana floraidi nyingi, kwa hivyo weka kwenye bajeti gata na tangi la maji ya mvua.

Kakamega, Vihiga na Bungoma wamebarikiwa udongo mwekundu ulio imara. Huko angalia mawili: mchwa, na mwamba. Msingi ambao nusu imekaa juu ya jiwe na nusu juu ya udongo utapasuka pale vinapokutana. Matofali ya kuchoma yagonge mawili kwa mawili. Lililoiva hulia, bichi hutoa sauti iliyokufa. Yaloweke kabla ya kujenga, la sivyo yananyonya maji ya mchanganyiko wa kujengea na saruji haishiki.

Makaratasi ni lazima na sitayarefusha: fanya upekuzi wa hati, mwite mpima aonyeshe vigingi, pata ridhaa ya bodi ya ardhi kama ni shamba la kilimo, idhini ya kaunti kwa ramani, na usajili wa mradi kwa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Yafanye kabla ya kuleta mchanga.

Sasa pesa. Watu wengi hujenga kidogokidogo, na si vibaya, ila kuna mahali pa kusimama na mahali ambapo ukisimama unaharibu. Usisimame na mtaro wa msingi uko wazi: mvua hulainisha sakafu yake, kingo huporomoka, utachimba tena na kwenda chini zaidi, na zege litaongezeka. Usisimame kuta zikiwa zimefika linta, boriti ya juu ya milango na madirisha, bila paa. Unaweza kusimama salama kwenye slabu iliyokamilika, na chini ya paa. Kwa hivyo gawanya nyumba vipande vitatu: ardhini hadi slabu, kuta hadi paa, na umaliziaji. Usianze kipande kama pesa yake yote haiko. Cha kwanza kifanye kwa akiba, Desemba hadi Februari. Mkopo uwekee cha pili, kwa sababu huko vipimo vinajulikana. Kwenye kipande cha ardhini tenga asilimia 15 zaidi, maana chini ndiko kunakoshangaza.

Ukienda kukopa, uliza riba inahesabiwaje. Milioni moja kwa miezi 48, riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ni shilingi 26,334 kila mwezi. Utarudisha karibu 1,264,000. Asilimia 12 kwa mwaka juu ya mkopo wote bila kupungua ni 30,833 kila mwezi, jumla 1,480,000. Zote mbili hutangazwa kama asilimia 12. Tofauti ya zaidi ya laki mbili ni mabati yako.

Usinunue saruji yote mapema kwa kuogopa bei. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu hupoteza nguvu, hasa kwenye unyevu wa ziwani. Cha kununua mapema ni mawe, moramu na nondo. Nondo ipime: ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi, ya milimita 10 kilo 7.4. Beba mizani. Ikipungua sana, umeuziwa chuma chembamba kwa bei ya kinene.

Mchanga utie kwenye chupa, weka maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope likizidi karibu sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, rudisha lori.

Na mtengenezee fundi boksi la mbao lenye nafasi ya ndani ya sentimita 30 kwa 30 kwa 39. Hilo ni sawa na mfuko mmoja wa saruji. Mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, maji yasizidi lita 25. Wilibaro iliyojazwa kilima huvunja hesabu yote uliyofanya. Slabu imwagiliwe kwa siku saba, asubuhi na jioni, au ifunikwe magunia yaliyolowa. Mlipe fundi kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, na ubakize asilimia 10 hadi paa lipitiwe na mvua ya masika.