Punje, maji na ukuta unaozunguka: maswali ya wanaounda modeli

Swali: Naiga kwa kompyuta punje za mchanga ndani ya silinda wima ya maji inayozunguka. Zinazama kwa kasi ile ile, ziwe katikati au kando ya ukuta. Ni sawa?

Si sawa. Kanuni ya Stokes, yaani fomula ya kasi ya punje ndogo inayozama, inayoipa punje ya mikroni 50 karibu milimita 2.2 kwa sekunde, huchukulia kwamba maji hayana kingo. Kitovu cha punje kikiwa kipenyo kimoja tu kutoka ukutani, ukinzani wa maji hupanda kwa asilimia 39 hivi punje ikienda sambamba na ukuta, na huzidi mara mbili ikiuelekea. Tumia fomula za kurekebisha ukinzani karibu na ukuta: ya Faxén kwa mwendo wa kwanza na ya Brenner kwa wa pili. Kizidishio kimoja kwa pande zote hakifai.

Swali: Maji yanazunguka vizuri, ila punje zikigusa ukuta zinakwama.

Programu ina kuta mbili, ya maji na ya punje, nawe umeizungusha ya maji tu. Kwa nusu kipenyo cha sentimita 5 na mizunguko 60 kwa dakika, uso unakwenda mita 0.31 kwa sekunde. Zipe zote mbili namba hiyo. Silinda ikiwa laini, kasi ya uso inatosha. Ukizungusha na umbo lenyewe, programu nyingine huhesabu mwendo mara mbili.

Hakikisha hivi: weka punje moja juu ya ukuta bapa uliolala, unaokwenda kwa kasi hiyo, uzime maji, ubakishe msuguano wa kuteleza na uondoe wa kubingiria. Mwishowe punje lazima iende 2/7 ya kasi ya ukuta, yaani mita 0.09 kwa sekunde. Ukiona 0.18, kasi imejumlishwa mara mbili. Ukiona sifuri, ukuta wa punje bado umesimama.

Swali: Namba zinalipuka punje ikikaribia kugusa.

Nguvu ya maji yanayobanwa kwenye mwanya kati ya punje na ukuta hukua bila kikomo mwanya ukielekea sifuri. Ikomeshe isikue zaidi mwanya ukifikia kimo cha vikwaruzo vya uso, tuseme asilimia 1 ya nusu kipenyo, yaani mikroni 0.25, chini ya hapo nguvu za mgusano zishike. Kwenye mwanya huo mwendo wa punje hufifia ndani ya mikrosekunde 3.7, basi hatua ya muda ya hesabu isizidi sehemu ya kumi yake.

Swali: Nikipunguza ukubwa wa seli za gridi, yaani vipande ambamo maji yanahesabiwa, mwanya hautaonekana wenyewe?

Hapana. Kama punje ni nukta kwenye hesabu, seli iwe angalau vipenyo vitatu, hapa mikroni 150. Hata ukiichora punje nzima kwa seli kumi kwa kipenyo, kila seli ni mikroni 5, mara 20 ya mwanya.

Swali: Punje hizi zitadunda ukutani?

La. Namba yake ya Stokes, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa punje na ukinzani wa maji, kwa kasi ya kuzama ni karibu 0.03, na mdundo majini huanza kuonekana kwenye 10 hivi.