Mnara wa mboga ndani ya nyumba: maswali kuhusu bomba, pampu na taa

Maswali ya safari hii yote ni ya mnara wa haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo) wa silinda: bomba limesimamishwa juu ya ndoo, mboga zinaota kwenye matundu ya ubavuni, na pampu hupandisha maji yenye virutubishi hadi juu, yakashuka yakilowesha mizizi.

Nina kona ya mita moja kwa moja sebuleni. Nichukue bomba gani, nitoboe matundu mangapi?

Bomba la PVC la inchi 6, urefu mita 1.5. La inchi 4 linafaa mnanaa na giligilani, lakini mizizi ya saladi iliyokomaa hulijaza, maji yakakwama na kutokea matunduni. Mzunguko wa inchi 6 ni kama sentimita 50, kwa hiyo weka matundu matatu kila duara. Duara linalofuata liwe sentimita 20 juu yake, matundu yakipishana na ya chini. Ukiacha sentimita 15 kila mwisho, unapata maduara saba, miche 21. Wapo wanaobana miche 40 kwenye bomba kama hilo. Wanavuna majani membamba yaliyorefuka kwa kugombania mwanga.

Tundu la drili peke yake huvujisha, kwa sababu kikombe kinachoshika mche hulala na maji hufuata ukingo wake hadi nje. Kata mpasuo wa mlalo wa sentimita 10, pasha sehemu iliyo chini yake kwa mashine ya hewa moto hadi plastiki ilegee, kisha sukuma shingo ya chupa ndani ukiielekeza chini, mdomo wa mpasuo uvimbe kwa nje. Shikilia hadi ipoe. Fanya kazi hii nje ya nyumba, na usitumie moto wa wazi: PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Pampu yangu imeandikwa lita 800 kwa saa, lakini juu ya mnara maji yanadondoka tone tone. Mbovu?

Huenda ni nzima. Namba hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji kokote. Tazama namba nyingine kwenye lebo, H-max. Ikiwa ni mita 1.5, maana yake kwenye kimo hicho maji husimama kabisa. Kwa mnara wa mita 1.5 juu ya ndoo, tafuta H-max ya mita 3, na mpira wa maji wa nusu inchi usiokunjwa.

Maji yakishafika juu, yagawe. Toboa kifuniko cha juu cha bomba matundu 10 ya milimita 3 karibu na ukingo, yateremke yakigusa kuta. Kisha weka pimamaji ubavuni. Mnara ukiinama kidogo tu, maji yote hushuka upande mmoja, na miche ya upande wa pili hunyauka huku ndoo imejaa. Ukiona safu moja tu inalegea, angalia wima kabla ya kulaumu mbolea.

Nimefunga tyubu tatu za LED za wati 18. Mbona saladi inarefuka na kuanguka?

Hazitoshi, na hapa ndipo minara mingi ya ndani inapokwama. Silinda inakuokolea sakafu. Majani yanahitaji mwanga uleule. Piga hesabu. Mnara pamoja na majani yake una kipenyo cha sentimita 55 na kimo cha mita 1.2 hivi, sawa na ubavu wa mita 2 za mraba. Saladi inataka mikromoli 200 (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mimea) kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 kwa siku. Jumla ni 400. Tyubu ya kawaida ya wati 18 hutoa kama 25. Zako tatu zinatoa chini ya moja ya tano, na sehemu ya mwanga huo inaishia ukutani.

Taa nzuri za kukuzia mimea hutoa mikromoli 2.5 kwa kila wati, kwa hiyo panga wati 200 ukijumlisha na upotevu. Zigawe kwenye taa nne za wima, sentimita 20 kutoka ncha za majani. Hizo ni uniti 3.2 kwa siku, karibu 96 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kabla hujakata bomba. Kama jibu linakutisha, peleka mnara kwenye baraza linalopata jua na uuzungushe robo kila asubuhi.

Kuna muundo wa pili: pipa la kulala linalozunguka, mimea ikiangalia ndani na taa ikiwa katikati. Karibu mwanga wote huangukia majani, na hilo ni zuri sana. Lakini linahitaji mota, na ukivuna upande mmoja uzito hukosa mizani, mota ikaelemewa. Kwa mtu anayeanza, tunashauri mnara uliosimama.

Naweza kutumia CAN, mbolea ya shambani ya kalsiamu amonia naitreti, kama chanzo cha kalsiamu?

Hapana. Punje za CAN zina chokaa isiyoyeyuka, itakayoziba pampu, na nusu ya nitrojeni yake ni amoniamu, ambayo huizuia mimea kufyonza kalsiamu. Nunua kalsiamu naitreti ya 15.5-0-0. Kwa lita 20 za maji: gramu 8 za mbolea ya haidroponiki ya 4-18-38, ikishayeyuka, gramu 4 za chumvi ya Epsom, mwisho gramu 8 za kalsiamu naitreti. Usizichanganye zikiwa kavu au nzito. Kalsiamu hukutana na salfeti na fosfeti ikaganda tope jeupe. Pima pH (uchachu wa maji) iwe 5.5 hadi 6.5, na EC (kipimo cha wingi wa virutubishi vilivyoyeyuka, kwa mS/cm) iwe 1.2 hadi 1.6.

Mizizi imekuwa ya kahawia na inateleza. Niko Mombasa.

Joto la maji. Kwenye nyuzi 20 maji hubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye 30 ni 7.5 tu, na vimelea vya kuozesha mizizi hustawi. Sogeza ndoo mbali na taa, ipake rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake, na mchana weka humo chupa ya maji yaliyogandishwa ielee. Miche iliyooza itoe yote.

Umeme ukikatika?

Mizizi huanza kukauka ndani ya saa chache. Pampu ya volti 12 ya wati 20 ikiwaka dakika 15 kila saa hukaa kama saa 8 kwenye betri ya volti 12 ya 7 Ah (saa-ampea 7), bila kuimaliza zaidi ya nusu. Ndoo nayo isijazwe hadi ukingoni: pampu ikisimama, maji yote yaliyo njiani hurudi chini, kwa hiyo acha nafasi ya lita 5.