Maswali na majibu: Rekodi za hipnosisi kwa watoto, wa chekechea hadi wa sekondari

Nimetumiwa rekodi ya hipnosisi (sauti inayomwongoza msikilizaji atulie na kuzama kwenye picha za mawazo) ya dakika 25 kwa ajili ya mwanangu wa miaka minne anayesumbua kulala. Akiambiwa afumbe macho anacheka na kuruka kitandani. Nakosea wapi? – Mama, Buhongwa

Hujakosea, mama. Rekodi hiyo si ya rika lake. Mtoto wa chini ya miaka mitano huzama kwenye kisa macho yakiwa wazi na mikono ikichezea kitu, kwa hiyo usimwambie afumbe. Dakika tatu hadi tano zinamtosha: paka anatafuta pa kulala, akipita mguuni mguu unakuwa mzito, akipita mkononi mkono unalegea. Msimulie wewe mwenyewe ukiwa kando yake, kisa kilekile kila usiku. Utachoka wewe kabla yake. Rekodi zenyewe huwafaa zaidi wa miaka 8 hadi 12 hivi, nao hawahitaji zaidi ya dakika 10 hadi 15.

Binti yangu wa miaka tisa analalamika tumbo karibu kila asubuhi. Nasikia rekodi hizi husaidia. Tunaishi karibu na mwalo na huwa anateka maji ziwani. – Baba, Kayenze

Baba, anza na kipimo cha choo. Mtoto anayekanyaga maji ya ziwa kila siku yuko kwenye hatari ya kichocho cha tumbo, ambacho huleta maumivu, kuharisha na wakati mwingine damu kwenye choo. Kikigundulika, dawa yake ni prazikwanteli, na dozi hupangwa kwa uzito au urefu wa mtoto. Wampime pia minyoo na mkojo. Akiwa anapungua uzito, anaamshwa usiku na maumivu, anatapika mara kwa mara, ana homa au damu kwenye choo, achana kwanza na habari ya rekodi, umpeleke hospitali.

Vipimo vikiwa safi na tumbo bado linasumbua, hapo rekodi ina kazi. Uholanzi walilinganisha watoto wa miaka 8 hadi 18 waliosikiliza rekodi nyumbani na wenzao waliohudumiwa ana kwa ana na mtaalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja, wa nyumbani hawakuachwa mbali. Ila hao wote daktari alikuwa ameshawaona.

Rekodi ya Kiingereza haitamsaidia mtoto anayeota kwa Kiswahili au Kisukuma. Irekodi mwenyewe kwa simu, ukiishika sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, kwenye chumba chenye magodoro na nguo ili sauti isirudi, na mvua isiwe inapiga bati. Soma taratibu, nyamaza sekunde tatu au nne baada ya kila sentensi. Anza na kupumua kwa dakika moja, kisha mahali anapopapenda, kisha kiganja juu ya tumbo na joto linaloenea kutoka hapo. Malizia kwa kuhesabu moja hadi tano na kujinyoosha. Ikiwa ni ya kulalia, acha hesabu. Sema "tumbo linazidi kutulia", usiseme "tumbo haliumi", maana akisikia hivyo ataanza kukagua kama kweli haliumi.

Mahali pa kuwaza achague yeye. Rekodi nyingi zinampeleka msikilizaji ufukweni au kwenye mtumbwi, na kwa familia iliyopoteza mtu kivuko cha MV Nyerere kilipozama ziwani mwaka 2018, picha hiyo si ya kupumzisha hata kidogo.

Asikilize angalau siku tano kwa wiki kwa miezi miwili hadi mitatu, hata siku ambazo haumwi. Kinachoharibu mara nyingi ni mzazi: kila asubuhi "tumbo linaendeleaje?" Swali hilo linamrudisha kwenye tumbo. Acha aseme mwenyewe.

Mwanangu wa miaka 11 ana selimundu. Je, rekodi ya "glavu ya barafu", ya kuwaza mkono umepoa hadi kufa ganzi, inafaa maumivu yakimpata? – Mama, Magu

Hiyo ya barafu hapana. Baridi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha maumivu ya selimundu, kwa hiyo mfundishe picha za joto: jua la asubuhi mgongoni, maji ya uvuguvugu miguuni. Ajizoeze siku akiwa mzima, kwa sababu katikati ya maumivu hakuna mtoto anayejifunza jambo jipya. Na mpangilio ubaki huu: dawa aliyoandikiwa, maji ya kunywa, blanketi, kisha rekodi. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kuuma, kupumua kwa shida au upande mmoja wa mwili kulegea, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama anasema rekodi inamsaidia.

Kijana wangu yuko kidato cha nne. Nikimwekea rekodi akiwa usingizini, masomo yataingia? – Baba, Sengerema

Hayataingia. Hakuna rekodi inayomfundisha kemia mtu aliyelala. Inachoweza kupunguza ni ule woga wa mtihani, na kwa hilo lazima awe macho na awe ametaka mwenyewe. Mwache achague sauti, dakika 15 hadi 20, asikilize peke yake, na usimwulize aliwaza nini. Visa vya paka na sungura atavitupa siku ya kwanza, na ana haki.

Simu ikizima chaji katikati, mtoto atabaki hukohuko? – Dada, Igoma

Hawezi. Atafumbua macho aulize kulikoni, au atapitiwa na usingizi wa kawaida. Mwenye kifafa, au anayesikia sauti wasizosikia wengine, asianzishwe bila daktari wake.

Spika za masikioni au spika ya simu? – Mama, Nyakato

Usiku, spika ya simu. Iweke mita moja kutoka kwenye mto, sauti isizidi nusu. Waya shingoni mwa mtoto aliyelala ni hatari. Zima mtandao na milio ya simu kabla hujabonyeza, la sivyo mtu atapiga mtoto akiwa ndiyo kwanza anatulia.