Vijiji havikai kwenye V: kwa mnaoanza kazi ya faharasa

Wadogo zangu, nimefungua rasimu ya faharasa (orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu) ya mmoja wenu nikakuta vitenzi vyote vimerundikana kwenye herufi K: kuuza, kununua, kukodi, kulima. Nimecheka, halafu nimekasirika. Nisomeni hivyohivyo.

1. Jueni mnatengeneza nini. Katalogi asili yake ni Kigiriki, katalogos: kutaja vitu kimoja kimoja hadi viishe. Callimachus, mshairi na msomi wa Kigiriki, aliifanya kazi hiyo Aleksandria karne ya 3 KK, na Pinakes zake, yaani orodha zake za vitabu, zilijaza magombo 120. Faharasa imetufikia kwa Kiarabu, fihris, nao Waarabu waliitoa kwa Waajemi. Ibn al-Nadim wa Baghdad alipoorodhesha vitabu mwaka 987, aliita kazi yake al-Fihrist, ingawa leo tungeiita katalogi. Basi mteja akiomba faharasa, muulizeni kwanza: ya vitabu, au ya yaliyomo ndani ya kitabu? (Na al-Fihrist inakaa F. Si A, jamani.)

2. Kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa, kiwe umoja. Mimi nilijifunzia miongozo ya Kiingereza, ambako wingi kwa kawaida hugusa mkia wa neno, hivyo ukichanganya bado vidahizo vinabaki majirani. Kwetu neno hubadilika kichwani. Katika kitabu kimoja cha historia ya ardhi niliweka kijiji kwenye K na vijiji kwenye V, kila kimoja na kurasa zake. Programu ikapanga kama ilivyoambiwa. Nikasoma prufu, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapwa, nikapitisha. Kitabu kimeshatoka ndipo mhakiki akaandika kwamba suala la vijiji limeguswa juujuu. Alikuwa ametafuta kijiji, akaona kurasa chache, akafunga. Sura nzima ilikuwa imelala kwenye V! Mwandishi alinipigia simu kwa upole kabisa. Angefoka, ningepona mapema. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja toleo la pili, na halikuja.

3. Vitenzi huingia bila ku-: soma, si kusoma. Ila msipitilize kama kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Johnson ya 1939, inayomficha msomi chini ya soma. Anayetafuta ukurasa hana muda wa mofolojia, yaani wa kuchambua neno limeundwaje.

4. Namba za kurasa ziwekwe baada ya mpangilio wa kurasa za kitabu kufungwa. Kabla ya hapo, hapana.

5. Fuateni kila "tazama" hadi mwisho wake. Rasimu hiyohiyo inasema "ardhi: tazama umiliki", na nilipofika kwenye umiliki nikaambiwa nitazame ardhi. Aliyeandika anajijua. Anirudishie faili kabla prufu ya pili haijatoka.