Kamba imeisha kabla sijafika chini, napandaje mwenyewe?

SWALI: Mwakeye mkuu. Niko Kigoma, huwa tunashuka kwa kamba kwenye genge moja kando ya ziwa. Juzi mwenzetu kafika mwisho wa kamba na chini bado, ikabidi tumvute watu wanne. Angeweza kupanda mwenyewe? Na vitanzi vya kupandia naweza kutengenezea hizi kamba za mitumbwi za pale Kibirizi?

JIBU: Angeweza kabisa mdogo wangu, ila siyo kwa mikono, mikono inachoka mapema mno, kazi ni ya miguu. Anatakiwa awe na vitanzi viwili vya kamba ya nailoni ya milimita 6 kama kamba kubwa ni ya 10 au 11, kila kimoja kinazungushwa mara 3 kwenye kamba kubwa kwa fundo la prusiki, lile alilolitangaza Mwaustria Karl Prusik mwaka 1931, ukiliwekea uzito linabana, ukiliondolea linasukumika. Kitanzi cha juu kifupi, kinaingia kwenye hanesi, ile mikanda unayovaa kiunoni na mapajani, na ukining'inia lazima mkono ukifikie. Cha chini kirefu, cha kukanyaga, nacho kiunge na hanesi. Unakaa, unasukuma cha mguu juu, unasimama, unasukuma cha juu, unakaa tena, mdogo mdogo hivyo hivyo. Kikiteleza ongeza mzunguko wa 4. Na kila ukipanda mita mbili tatu funga fundo kwenye kamba iliyolegea chini yako uliunge na hanesi kwa karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, maana vitanzi vyote vikiachia hilo ndo litakudaka.

Kamba za mitumbwi hapana, nakuomba sana. Nyingi ni polipropilini, zile zinazoelea, zina utelezi na zinayeyuka kwenye nyuzi joto kama 160 za Selsiasi wakati nailoni inavuka 200, sasa fikiria msuguano wa kitanzi kikiteleza na uzito wako.

Halafu kitu ambacho wengi hawakijui, mtu akining'inia kwenye hanesi bila kuchezesha miguu damu inabaki chini na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache tu, kwahiyo wakati mnajadiliana huko juu yeye aweke kitanzi cha mguu kwanza asimame, hata kama hapandi. Vitanzi vikae kwenye hanesi kabla hujaanza kushuka, siyo kwenye begi, na mwisho wa kamba upigwe fundo kubwa. Mazoezi fanyieni kwenye mwembe, miguu ikiwa nusu mita tu kutoka ardhini, mpaka kila mmoja aweze kufunga prusiki bila kuangalia.