Kwa Mwanangu Aliyeniuliza Nilijuaje

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, barua yako nimeisoma na kuirudia. Unauliza nilijuaje, katika umri wako, kwamba ualimu ndio njia yangu, kwa kuwa benki inasubiri jibu lako huku moyo wako uko kwenye shule ya kijijini isiyoweza kukulipa mshahara wa maana.

Mimi sikujua; nilipangiwa. Azimio la Musoma la 1974 lilitutaka wahitimu wa kidato cha sita tupitie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha tufanye kazi walau miaka miwili, ndipo chama tawala na mwajiri watupendekeze kwenda chuo kikuu. UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote, ilipoanza mwaka 1977, mimi nilikuwa Nachingwea, kule kusini, chini ya mkorosho, mbele ya watoto wasio na madaftari. Ubao tuliupaka weusi wa betri kuukuu za redio, na chaki zilipokwisha tuliandikia makopa, vile vipande vya muhogo mkavu, yakatoa mstari mweupe safi kabisa. Furaha niliyoipata siku ile sijaisahau.

Kisha mtoto mmoja wa mbele, aliyekuwa akiandika mchangani kwa kidole, akaniuliza bila kuinua uso: "Mwalimu, nawe utaondoka lini?" Waliokuja kabla yangu walikuwa wamekwisha kuondoka. Swali lile linanichoma hadi leo, kwa sababu fomu za chuo zilikuwa tayari ndani ya sanduku langu la bati, lile mlilolichezea nyote.

Siku zote nimewaambia kwamba imani haiitangulii kazi, bali huzaliwa ndani yake. Lakini je, ningeamini hivyo kama nisingepangiwa? Pengine taifa ndilo lililoamini kwanza, mimi nikafuata. Hata hivyo, baada ya chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, nilirudi darasani bila kusukumwa na mtu. Ila nilirudi kufundisha mjini, si Nachingwea, na hapo ndipo hoja yangu inapokwama. Wewe huna wa kukupangia, nami sijui kama hiyo ni nafuu au ni mzigo.

Mama yako amenikataza kukuchagulia, nami nimemwahidi, ingawa ninao upande wangu na kuunyamazia kunaniwia vigumu. Nakuomba jambo moja kabla hujaijibu benki: waulize watu wa shule ile walimu waliokutangulia walikaa muda gani, na nini kiliwaondoa. Majibu yao uniandikie, maana nami ninataka kuyajua.

Baba yako